Kijiji Kisichoandikwa Hupimwa Kama Pori

Kando ya Mto Medway, katika jimbo la Kent nchini Uingereza, kuna kijiji kiitwacho Upnor. Ni kijiji kidogo hata kwa vipimo vya huko, na wenyeji wake wa zamani walikuwa wavuvi na mabaharia wa mtoni. Kina ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1559 kwa amri ya Malkia Elizabeth I, ili kulinda merikebu za kivita zilizokuwa zikitia nanga Chatham. Mwaka 1667 Waholanzi walipanda mto huo na kuzichoma baadhi ya merikebu hizo. Ngome ilifyatua mizinga, aibu ikabaki palepale. Leo watu hulipa kiingilio kuiona.

Naandika kutoka Butimba, Mwanza, na msomaji ana haki ya kuuliza Upnor inatuhusu nini. Inatuhusu kwa sababu mwaka 1874 vijana wawili wa kijiji hicho, Francis na Edward Pocock, watoto wa mvuvi, waliajiriwa na Henry Morton Stanley kwa safari ya kuja kwetu. Edward alifariki njiani Januari 1875, kabla hajaliona ziwa. Francis, ambaye wenzake walimwita Frank, alifika tarehe 27 Februari 1875 katika kijiji cha mwambao ambacho Stanley alikiandika Kagehyi, wamisionari wakakiandika Kagei, na sisi tunakiita Kageye. Kiko kaskazini-mashariki mwa jiji la Mwanza, kwenye Ghuba ya Speke. Kwa miezi kadhaa kijana wa Upnor alikuwa mkazi wa Kageye. Vijiji viwili vidogo, vyote vya kando ya maji, vikaunganishwa na mtu mmoja.

Tofauti yao ni kwamba cha kwanza kimeandikwa na cha pili hakijaandikwa, ila na wapita njia. Ninadai kwamba tofauti hii si ya kiutamaduni peke yake. Ni suala la ardhi, la sheria na la haki, na linawahusu watendaji wa vijiji na maafisa ardhi kabla ya kuwahusu wanahistoria.

Nianze na huko. Vijiji vingi vya Uingereza vimo katika daftari la kodi la mwaka 1086 lililoamriwa na mfalme, ambalo bado lipo. Mwaka 1899 ulianzishwa mradi wa kuandika historia ya kila kaunti, parokia kwa parokia, na haujamalizika hadi leo. Tangu sheria ya mipango ya mwaka 1947, serikali yao inaweka orodha ya majengo na alama zinazolindwa, na kwa Uingereza peke yake orodha hiyo ina maingizo yanayokaribia 400,000. Humo hamna makasri na makanisa tu. Mna madaraja ya mawe, visima, nguzo za kuonyesha maili, mpaka vibanda vya simu vyekundu. Na karibu kila kijiji kina jiwe lenye majina ya vijana wake waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918: jina la kwanza, jina la ukoo, wakati mwingine na cheo.

Vita hivyo hivyo vilipiganwa hapa. Waingereza waliingia Mwanza Julai 1916. Mizigo yao, kama ilivyokuwa mizigo ya Wajerumani, ilibebwa na watu waliokusanywa vijijini kwetu, wengi wakafa kwa njaa, kuhara na uchovu kuliko kwa risasi. Tunayo sanamu ya askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inayowakilisha wote kwa pamoja. Kijiji cha Kiingereza cha kaya mia moja kinajua majina ya wafu wake kumi na wawili. Nani anaweza kunitajia mbeba mizigo mmoja, kwa jina, kutoka kijiji chochote kati ya Nyegezi na Usagara?

Turudi Kageye, kwa sababu ndipo jambo hili linapoonekana waziwazi.

Msafara wa Stanley uliondoka Bagamoyo Novemba 1874 ukiwa na zaidi ya watu 300. Walibeba mashua, Lady Alice, ikiwa imekatwa vipande vipande, mabegani mwa watu, kutoka pwani mpaka ziwani. Waliobeba walikuwa Waungwana wa Unguja na wapagazi wa bara. Mashua iliunganishwa Kageye, na tarehe 8 Machi 1875 Stanley akaondoka nayo na mabaharia wachache kulizunguka ziwa, nahodha wake akiwa Safeni. Pocock na Mwingereza mwingine, Frederick Barker, aliyewahi kuwa karani wa hoteli jijini London, wakabaki kulinda kambi. Stanley aliporejea mwezi Mei alikuta Barker amekwisha kufa na kuzikwa hapo hapo karibu na ufuko. Agosti mwaka huo huo, katika safari ya kuvuka kwenda Buganda, aliwashambulia kwa bunduki watu wa kisiwa cha Bumbire akilipiza kisasi, na watu wengi wakauawa wakiwa na mikuki na mawe.

Hayo ndiyo yanayojulikana, na yanajulikana kwa sababu Stanley alichapisha kitabu mwaka 1878. Lakini hata katika kitabu hicho, ukikisoma kwa jicho la mkazi badala ya jicho la msafiri, utaona kijiji kilichokuwapo kabla yake. Kilikuwa na kiongozi, Kaduma, aliyempokea mgeni na kujua namna ya kukaa naye. Kilikuwa na mfanyabiashara wa pwani, Songoro, mwenye uhusiano na Ukerewe, aliyekuwa na jahazi na kufanya biashara ya pembe na watumwa. Kageye ilikuwa bandari. Mgeni hakuigundua, aliifikia kwa sababu njia za biashara zilielekea huko tayari, na wapagazi wake walijua zilikoelekea.

Waliofuata nao walipitia mlango huo huo. Mwaka 1877 walifika wamisionari wa Kianglikana wakiwa njiani kwenda kwa Kabaka Mutesa. Mmoja wao, daktari John Smith, alifia Kageye mwezi Mei. Desemba mwaka huo wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe pamoja na Songoro katika ugomvi na Mtemi Lukonge. Mwishoni mwa 1878 walifika Mapadre Weupe, na Januari 1879 Padri Lourdel na Bruda Amans wakaondoka Kageye kwa mtumbwi, wakatua Kigungu karibu na Entebbe tarehe 17 Februari.

Hapo napenda msomaji asimame kidogo. Kigungu leo ni mahali pa hija. Wakatoliki wa Uganda huiadhimisha siku ile, na kila mtoto wa katekisimu anajua jina la mahali mtumbwi ulipotua. Mahali mtumbwi ulipotoka ni kwetu, na sijui ni wangapi kati ya wanafunzi wangu wangeweza kupaonyesha kwenye ramani. Alexander Mackay, yule fundi wa Kiskoti aliyefika Kageye mwaka 1878, alifariki Februari 1890 Usambiro, kusini mwa ziwa, akazikwa huko. Mwaka 1927 mabaki yake yalifukuliwa na kupelekwa Namirembe, Kampala. Hata mifupa ilihamia kwenye kumbukumbu iliyoandikwa.

Silii kwamba hatuna hija. Silii hata juu ya kaburi la karani wa hoteli. Ninachosema ni kwamba kijiji kilichokuwa lango la ziwa zima kimebaki tanbihi katika vitabu vya watu wengine, na ndani ya tanbihi hiyo Kaduma, wapagazi, wanawake waliouza mtama na samaki kwa kambi ile, na wale waliopitishwa pale wakiwa wamefungwa minyororo, hawana hata tanbihi.

Sheria haitusaidii vya kutosha. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale kwa kutumia kigezo cha tarehe, na kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mkono wa binadamu mpaka wake ni mwaka 1863. Stanley alifika Kageye miaka 12 baada ya mpaka huo. Misheni ya Bukumbi, iliyoanzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1883 baada ya kuondoka Buganda, iko nje ya mpaka huo. Magereza, maghala ya pamba, shule za serikali ya kikoloni, vyote viko nje. Ni kweli kwamba waziri anaweza kutoa amri ya kulinda mahali fulani. Lakini amri hutanguliwa na maombi, maombi hutanguliwa na maelezo, na maelezo yanahitaji mtu aliyekaa chini akaandika kuna nini, kiko wapi, na kina maana gani kwa nani.

Hapa Butimba tunaweza kujitazama. Jina lenyewe linaanza na "Bu" kama Bukumbi, Buhongwa, Bujora, Busisi na Bugando: ni jina la nchi na watu wake, lililokuwapo kabla ya kata na jimbo. Lakini ukilitaja mjini, wengi hufikiri gereza. "Amepelekwa Butimba" ni sentensi ambayo kila mkazi wa Mwanza anaielewa bila kufafanuliwa. Wachache hufikiri Chuo cha Ualimu, ambacho kimelea walimu wa sanaa na muziki waliotawanyika nchi nzima. Kati ya gereza na chuo, kijiji kimepotea. Hakikuhama. Kimefunikwa na viwanja. Njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji imekuwa uchochoro wa nyumba mbili, kisha ukuta.

Kwa miaka kadhaa nimewapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza zoezi moja: chora kijiji chako kwa kumbukumbu, weka alama kumi. Wanachora shule, kanisa au msikiti, zahanati, mnara wa simu, ofisi ya mtendaji, na duka lenye friji. Wakifika alama ya saba kalamu husimama. Kisha nawaomba waende nyumbani wakati wa likizo wakachore tena pamoja na mtu mwenye zaidi ya miaka sabini. Ramani ya pili hurudi imejaa: mti wa kuombea mvua, mwamba wa kuanikia dagaa, kisima kilichochimbwa wakati wa njaa, mahali mtemi alipokuwa akiketi kuamua mashauri, na mahame.

Neno hilo, mahame, lina uzito wake. Kuanzia mwaka 1973 serikali iliamuru wananchi wote wa vijijini wahamie vijiji vya ujamaa kabla ya kwisha kwa mwaka 1976. Katika Usukuma, ambako kila kaya ilikaa katikati ya mashamba yake na kuwazika wafu wake karibu na nyumba, agizo hilo lilimaanisha kuyaacha makaburi nyuma. Watu walipangwa kwa mistari kando ya barabara. Sibishani leo juu ya nia ya sera ile. Shule na zahanati nyingi tulizonazo zilizaliwa nayo. Lakini iliwatenganisha watu na alama zao, na waliokuwa watu wazima wakati ule sasa wana miaka themanini. Baada yao hakuna atakayejua kwamba kichaka kile chenye minyaa iliyopandwa mduara kilikuwa boma la mtu.

Mpimaji akija, ataona kichaka. Hapo ndipo suala linapokuwa la haki. Tunayo Sheria ya Uhamishaji wa Makaburi ya mwaka 1969, inayotaka taarifa itolewe na gharama za kuhamisha zilipwe. Inafanya kazi vizuri kwa kaburi lenye saruji na jina. Kaburi la mahame, lenye mawe matatu, haliingii kwenye jedwali la fidia kwa sababu hakuna aliyeliandika. Vivyo hivyo kwa ufuko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na bado tunaona njia za kuteremka majini zikizibwa mwaka hadi mwaka. Mwanakijiji anaposema "hapa tulikuwa tukipita tangu babu", anaulizwa: imeandikwa wapi?

Swali hilo linaumiza, lakini ni swali la halali. Jibu lake linapaswa kutayarishwa mapema, maana kuna dirisha linalojifunga. Kijiji kikiwa bado kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa halmashauri yake mamlaka ya kusimamia ardhi, na kina mkutano mkuu wenye sauti ya mwisho. Mji ukikimeza, kinageuka mtaa. Ardhi yake inaacha kuwa ya kijiji na inaingia katika ardhi ya jumla, na mkutano wa mtaa hauna mamlaka yale. Wanaovuka kutoka kijiji kwenda mtaa bila orodha ya alama zao wanavuka mikono mitupu.

Vijiji vinavyosimama kwenye mstari huo leo tunavijua. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Sina neno dhidi ya daraja; aliyewahi kukaa saa tatu kwenye foleni ya kivuko na mgonjwa garini hatalisema vibaya. Lakini kivuko kilikuwa kimejenga kijiji upande huu na upande ule: wachuuzi wa samaki na ndizi, mama ntilie, wapiga picha, vijana wa kubeba mizigo. Gati ile ni alama ya historia kama ngome yoyote ya Kent. Ardhi ya pande zote mbili imepanda bei, na wapimaji wako kazini.

Najua pingamizi litakalotoka kwa wanaharakati wenzangu: kijiji kisicho na dawa kwenye zahanati hakihitaji orodha ya mawe. Ningekubali kama orodha ingegharimu dawa. Haigharimu. Inahitaji daftari, siku nne za wazee na vijana kutembea pamoja, na simu moja yenye uwezo wa kuchukua majira ya nukta. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Orodha inaweza kugeuzwa silaha: mahali pakishaitwa urithi, watu wanaweza kuondolewa kwa jina la kuhifadhi, na tumeliona hilo katika nchi hii. Ndiyo maana orodha lazima iwe mali ya mkutano mkuu wa kijiji, si ya mwekezaji wala ya afisa kutoka mbali. Na lazima iwe ya kweli. Orodha ya Kageye isiyomtaja Songoro na watumwa wake ni tangazo la utalii. Kutakuwa na koo zisizopenda kukumbushwa waliuza nani, na mabishano hayo ni sehemu ya historia yenyewe.

Pia isiwe orodha ya wageni na watemi tu. Tunao mfano mwema Bujora, karibu na Kisesa, ambako Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, pamoja na wazee wa Kisukuma, walijenga makumbusho ambayo hadi leo ndiyo darasa letu bora la utemi na ngoma. Namheshimu. Lakini mimi ningeanza na ghala la pamba. Vyama vya wakulima wa pamba vya kanda hii, vilivyoungana katika shirikisho kubwa chini ya Paul Bomani miaka ya 1950, vilikuwa shule ya siasa kabla ya uhuru. Mwaka 1976 serikali huru ikavivunja vyama vya ushirika nchini. Maghala yakabaki. Mengine ni stoo za chumvi, mengine ni makanisa ya kilokole, mengine yameezuliwa mabati. Kijana anayepita mbele ya ghala hilo kila siku hajui kwamba babu yake aliwahi kusimama pale akihoji mizani.

Kwa hiyo nasema hivi kwa watendaji wa vijiji wanaosoma hapa, nikijua mnavyolemewa na taarifa za kila aina. Kwa mujibu wa sheria mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu. Wekeni ajenda moja: alama za kijiji. Muundeni kamati ya watu saba, nusu yao wanawake, kwa sababu visima, vichaka vya dawa na njia za kuni wanazijua wao. Orodha ikishapitishwa, iambatishwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi na kwenye daftari la ardhi ya kijiji, na njia za majini zitungiwe sheria ndogo zinazopelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Nakala moja ibaki shuleni. Wanafunzi wa vyuo, mnaotafuta mada za tasnifu na kuishia kuandika tena yaliyoandikwa: kila mmoja achukue kijiji kimoja, aanze na jina lake, na amrudishie mtendaji nakala iliyochapishwa kwa Kiswahili.

Mimi na wanafunzi wanne tutaanza likizo ijayo na ukanda wa kutoka Butimba kupitia Nyegezi hadi Buhongwa, ambako hakuna tena halmashauri ya kijiji na itabidi tufanye kazi na wenyeviti wa mitaa. Wazee walioturuhusu kuja ni sita. Walikuwa saba tulipoanza kupanga.